Asili ya Karafuu na Asili ya Pilau ni Mambo Mawili

Kila Idi inapokaribia, na kila nchi fulani inapotangaza kwamba chakula chake kimeingizwa katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, mjadala uleule huibuka katika mitandao ya kijamii na katika vibaraza vya Dar es Salaam: pilau ni ya nani? Upande mmoja husema kwamba pilau, biriani, sambusa na chai ya viungo ni vyakula vya Wahindi na Waarabu, kwamba sisi tumevipokea tu, na kwamba hatuna haki ya kuvipeleka mbele ya dunia kama vyetu. Upande wa pili hujibu kwa hamasa kwamba viungo ni vya Zanzibar tangu enzi na enzi, na kwamba wengine ndio waliotuiga. Naona pande zote mbili zimejikwaa pamoja, kwa kudhani kwamba ukishajua mmea umetoka wapi umeshajua chakula ni cha nani. Historia ya viungo haiungi mkono dhana hiyo. Hoja yangu ni kwamba chakula ni cha wale waliokuza ujuzi wa kukipika na kuurithisha kwa vizazi, na kwa kipimo hicho upishi wa Pwani ni wetu kwa haki kamili. Lakini kipimo hichohicho kinatudai jambo ambalo hatujalifanya ipasavyo, nalo ni kuutunza ujuzi wenyewe.

Tuanze na majina, kwa sababu jina la bidhaa huhifadhi njia iliyopita. Neno pilipili asili yake ni Bara Hindi. Linatokana na pippali, jina la Kisanskriti la pilipili ndefu, nalo lilisafiri pamoja na bidhaa yenyewe hadi Uajemi na Uarabuni kabla ya kufika kwetu. Kwa karne nyingi, aliyetaja pilipili katika bandari za Bahari ya Hindi alikuwa akizungumzia hasa punje nyeusi za Malabar, pwani ya kusini magharibi mwa India. Hizi nyekundu na za kijani ambazo leo ndizo humjia mtu akilini anaposikia neno hilo hazikuwepo Afrika, wala Asia, wala Ulaya. Zilikuwa Amerika peke yake, na zilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, kisha meli za Wareno zikazisambaza katika bandari za Afrika na Asia. Zilipofika Pwani yetu zilichukua jina zima, zikazaa pilipili mbuzi, pilipili kichaa na pilipili hoho, na ile ya zamani ikalazimika kuongezewa neno manga ili itambulike. Manga ni Uarabuni, hasa Omani, ilhali pilipili manga ni mmea wa misitu yenye mvua ya Kerala na haikuwa zao la jangwani. Jina linatueleza majahazi yaliyoileta na halituelezi udongo ulioiotesha. Ndivyo ilivyo kwa kungumanga, iliyokuwa ikitoka visiwa vya Banda huko Indonesia, na ndivyo ilivyo kwa mdalasini, ambao jina lake la Kiajemi, darchini, lina maana ya mti wa China, ingawa mdalasini unaosifiwa kuliko mwingine ni wa Sri Lanka.

Mfano ulio kinyume cha hiyo ni wa ukwaju, na nashangaa kwamba hautajwi katika mijadala hii. Mkwaju ni mti wa Afrika. Ulivuka bahari kwenda Bara Hindi zamani sana, ukastawi huko kiasi kwamba Waarabu waliita tunda lake tamr hindi, yaani tende ya India, na jina hilo ndilo lililoingia katika lugha za Ulaya. Leo mpishi wa kusini mwa India hawezi kupika sambari, mchuzi wao wa dengu, bila ukwaju. Sijasikia mtu akimwambia kwamba sambari si ya Wahindi kwa kuwa tunda linaloipa uchachu lilitoka kwetu, na mimi mwenyewe nisingekubali hoja hiyo, kwa sababu mbali na tunda, yote yanayoifanya sambari iwe sambari yalibuniwa huko: dengu, majani ya mchuzi, haradali inayopasuka katika mafuta ya moto. Anayeikubali haki hiyo kwa mpishi wa India hana sababu ya kumnyima mpishi wa Magomeni.

Dunia nzima imepika kwa namna hii. Mchuzi wa vindaloo wa Goa ulianza kama nyama ya Wareno iliyolazwa katika mvinyo na kitunguu saumu. Wapishi wa Goa wakaingiza siki yao, pilipili kutoka Amerika na viungo vya Malabar, na leo jina lake linahesabika miongoni mwa majina makubwa ya upishi wa Kihindi. Wahangaria wamejenga upishi wao wa kitaifa juu ya paprika, ambayo ni pilipili iliyowafikia zama za dola ya Waturuki wa Uthmaniya. Korea Kusini iliandikisha UNESCO mwaka 2013 desturi yake ya kutengeneza kimchi, yaani mboga zilizochachushwa, kwa pamoja, ilhali pilipili inayoipa kimchi rangi yake nyekundu haikufika Asia Mashariki ila baada ya Amerika kufikiwa. Ukitaka kuwanyang'anya watu vyakula vyao kwa kigezo cha asili ya mmea, utabaki na Wamexico wanaomiliki nusu ya vyungu vya dunia, na nyanya ikihesabiwa Italia haitabaki na mengi.

Sasa turudi kwenye Pwani yetu, ambako ushahidi ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa, na akaeleza kwa kina chakula alichokirimiwa Mogadishu. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika sinia kubwa la mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni zilikuwepo ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, mashada ya pilipili yaliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kufasiriwa sinia hilo. Wali wenye samli, mchuzi juu yake, na pembeni achari, embe na ndizi: huo ndio mpangilio wa mlo wa shughuli hadi leo. Tuangalie pia kwamba ile pilipili ya achari haikuweza kuwa hii tuliyoizoea, kwa sababu Columbus alikuwa hajazaliwa. Ilikuwa pilipili ya Bara Hindi. Baadaye kiungo chenyewe kilibadilishwa na kingine kutoka upande wa pili wa dunia, na mahali pake katika sinia hapakubadilika. Kwangu mimi huu ni ushahidi wa wazi kwamba upishi una mfumo wake unaodumu kuliko bidhaa zinazopita ndani yake, na kwamba mfumo huo ulikuwepo kwenye Pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Vasco da Gama kukanyaga Malindi mwaka 1498.

Karafuu ina historia tofauti, na hapa ndipo wanaosema viungo ni vya Zanzibar tangu enzi hukosea. Kwa muda mrefu wa historia mikarafuu ilikuwa katika visiwa vichache vya Maluku, mashariki ya Indonesia: Ternate, Tidore na majirani zao. Merikebu moja iliyorudi Uhispania mwaka 1522 kutoka katika msafara wa Magellan ilikuwa imebeba karafuu za Tidore. Waholanzi, kupitia Kampuni yao ya India Mashariki iliyoundwa mwaka 1602, waliamua kuhodhi biashara hiyo kwa nguvu: waling'oa mikarafuu katika visiwa wasivyoweza kuvilinda, na mwaka 1621, chini ya Jan Pieterszoon Coen, waliteketeza karibu jamii yote ya visiwa vya Banda ili wabaki peke yao na kungumanga na basibasi. Ukiritimba huo ulivunjwa na Mfaransa Pierre Poivre, ambaye karibu na mwaka 1770 alifanikisha kutoroshwa kwa miche ya mikarafuu na mikungumanga hadi kisiwa cha Mauritius. Kutoka katika visiwa vya Wafaransa vya eneo hilo ndipo karafuu ilipoingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said, sultani wa Omani aliyehamishia makao yake Unguja, aliwataka wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Kwa hiyo umri wa karafuu visiwani ni kama miaka mia mbili, ambao ni mfupi sana ukilinganishwa na umri wa wali wa samli katika miji ya Pwani. Halafu mambo yakageuka: Indonesia, nyumbani kwa karafuu, ilianza kuichanganya karafuu na tumbaku katika sigara za kretek, na kwa miongo kadhaa ya karne ya 20 ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Unguja na Pemba, mpaka ilipojitosheleza kwa mashamba yake na soko letu likaanguka.

Hapa inakuja hoja nzito kuliko zote za wanaokataa kujivunia viungo, nayo haistahili kupuuzwa. Wanasema kwamba utajiri wa karafuu ulijengwa na watumwa waliotolewa bara, kutoka nchi za Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo na wengine, na kwamba kusherehekea viungo ni kusherehekea waliowamiliki. Ni kweli kwamba mashamba yale yalilimwa na kuvunwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897, na kati ya miaka hiyo mavuno yaliendelea. Hata Dar es Salaam, ambayo Seyyid Majid alianza kuijenga katika miaka ya 1860 mahali palipoitwa Mzizima, ni mji uliozaliwa kutokana na fedha na malengo ya dola hiyohiyo ya masultani. Sioni njia ya kuieleza karafuu kwa uaminifu bila kuyasema haya, na vitini vya watalii vinavyozungumzia harufu nzuri ya visiwa bila kutaja aliyepanda ngazi kuchuma karafuu vinawakosea heshima watu hao mara ya pili. Lakini nikiifuata hoja hii hadi mwisho wake, naona inathibitisha kinyume cha inachodai. Waliochuma karafuu, waliotwanga viungo na waliosimama mbele ya moto katika majumba ya matajiri walikuwa Waafrika, wengi wao wanawake. Tukisema pilau ni ya Mwarabu kwa sababu sinia lilikuwa la Mwarabu, tunamwondoa katika historia aliyeipika. Ujuzi ulikuwa mikononi mwake, na watoto wake waliubeba walipohamia Kariakoo, Ilala na Temeke.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba chakula halisi cha Mwafrika hakina viungo, na kwamba viungo ni mapambo ya wageni yanayofunika ladha ya kweli. Wanaoisema humalizia kwa kutaja ugali kama chakula cha asili. Mahindi yalitoka Amerika, na muhogo pia, na nyanya inayoungwa katika mboga, na karanga zinazotiwa katika kisamvu. Vyote vilikuja baada ya mwaka 1492. Katika bandari ambayo watu wake walikula wali kwa tangawizi na achari mwaka 1331, viungo ni wenyeji wa zamani kuliko unga wa sembe. Nafaka zilizo za Afrika tangu mwanzo ni mtama, uwele na ulezi, nazo wengi wa wasemaji hawa hawazipiki. Isitoshe, Afrika ina viungo vyake yenyewe: Waethiopia wana korarima, ndugu wa iliki, na pwani ya Liberia ilipata jina katika ramani za Ulaya kutokana na punje kali za jamii hiyohiyo zilizouzwa huko kama mbadala wa pilipili manga.

Hoja hii ina dada yake, isemayo kwamba viungo viliingia katika vyakula ili kuficha nyama iliyooza. Inarudiwa mara nyingi, hata na watu wasomi, na haisimami ukiitazama bei. Katika Ulaya ya zama za kati, pilipili manga na karafuu zilikuwa bidhaa za kitajiri, na aliyemudu kuzinunua alimudu nyama iliyochinjwa siku hiyohiyo. Mwaka 408 Alaric, mfalme wa Wavisigothi, alipouzingira mji wa Roma, alidai miongoni mwa fidia zake ratili 3,000 za pilipili, pamoja na dhahabu na hariri; huwezi kudhani kwamba alikuwa na shida ya nyama kuharibika. Ipo pia dhana ya kisayansi kwamba watu wa nchi za joto hutumia viungo vingi kwa sababu viungo huua vijidudu, na kweli baadhi ya viungo vina nguvu hiyo. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walichambua mapishi 33,750 kutoka katika aina 70 za upishi duniani na hawakuona kwamba joto la nchi linaeleza wingi wa viungo. Kilichotokea Ulaya kinaeleweka zaidi kwa mtazamo wa hadhi: katika karne ya 17, bei ya viungo ilipoanza kushuka na watu wa kawaida kuvifikia, wapishi wa matajiri wa Ufaransa walivipa kisogo katika vyakula vya chumvi na kugeukia siagi, supu nzito na majani ya kunukia. Dhana kwamba chakula kisicho na viungo ni cha kistaarabu zaidi ilipata nguvu humo, na inasikitisha kuisikia ikirudiwa Dar es Salaam kwa jina la Uafrika.

Ikiwa basi asili ya mmea haiamui, tutajuaje kwamba pilau yetu ni pilau yetu? Jibu limo ndani ya sufuria. UNESCO yenyewe iliandikisha mwaka 2016 palov ya Uzbekistan na oshi palav ya Tajikistan, mbili kwa mwaka mmoja, kila moja kwa nchi yake, na mwaka 2020 ikaandikisha kuskusi kwa pamoja kwa Algeria, Mauritania, Morocco na Tunisia. Pilau ya Asia ya Kati husimama juu ya mafuta ya kondoo na karoti nyingi. Pulao ya Bara Hindi mara nyingi hubaki nyeupe au hutiwa zafarani. Pilau ya Pwani yetu hupata rangi yake katika kitunguu kinachokaangwa hadi kikaribie kuungua, kisha tangawizi na kitunguu saumu, kisha binzari nyembamba kwa wingi, na pamoja nayo mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, nyama na supu yake, na mwisho makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Huliwa kwa kachumbari na ndizi mbivu. Biriani nayo huku kwetu husimama mbali na ile ya Hyderabad: masala yake hupikwa peke yake na wali peke yake, vikakutana wakati wa kupakua. Hizi ni tofauti za mbinu, za mfuatano na za kipimo, nazo ndizo mali.

Shangazi yangu, aliyewahi kupikia shughuli nyingi Magomeni, hakuwa na kijiko cha kupimia. Alijua kwa harufu wakati wa kutia binzari, na alijua kwa sauti ya sufuria kama maji yamekauka chini. Alipofariki, hatukuwa na kipimo hata kimoja kilichoandikwa, na pilau tunayopika katika familia yetu sasa si ile. Nasema hivi kwa sababu hasara ya aina hii inaendelea katika nyumba nyingi za mji huu, na kasi yake inaongezeka kwa kuwa vipaketi vya pilau masala vinapatikana kila duka. Sipingi urahisi, mtu anayefika nyumbani saa mbili usiku kutoka kazini ana haki ya kurahisishiwa. Lakini kipaketi kimoja kinachouzwa kutoka Kigoma hadi Mtwara husawazisha ladha, na kizazi kilichokua nacho hakitajua kutofautisha binzari nyembamba na giligilani kwa pua. Watu wanaobishana kwa ukali kuhusu nani mwenye pilau, huku sufuria zao zikiungwa na kiwanda, wanagombania jina baada ya kuachia kitu chenyewe.

Jambo hili lina upande wa uchumi pia. Viungo vingi vya Tanzania Bara hutoka katika miteremko ya Uluguru, huko Matombo na Mkuyuni, na katika Usambara ya Mashariki, Amani na Muheza, ambako iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini hulimwa na wakulima wadogo. Historia inaonya kwamba kuwa na mmea peke yake hakumlindi mkulima. Iliki ni ya kusini mwa India, lakini Guatemala, iliyoipata mwanzoni mwa karne ya 20 na ambako watu wengi hawaitumii jikoni, imekuwa muuzaji mkubwa wa iliki katika soko la Waarabu. Pilipili manga ni ya Kerala, na mzalishaji wa kwanza sasa ni Vietnam. Mkulima wa Matombo akitegemea sifa ya udongo wake tu, atashindwa siku ambayo nchi nyingine itapanda eneo kubwa zaidi. Akiwa na wanunuzi wa karibu wanaojua ubora, wanaotaka iliki ya kijani iliyokaushwa vizuri kwa kuwa upishi wao unaitambua, atakuwa na soko ambalo bei ya dunia haiwezi kulifuta kwa msimu mmoja. Jiko la Dar es Salaam lenye ujuzi ni ulinzi kwa shamba la Morogoro, na mpishi asiyejua tofauti hununua chochote kilichosagwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni lini Tanzania itapeleka pilau yake UNESCO, ningependa tuulize ni nani ataulizwa siku maombi hayo yatakapoandikwa. Wapo wapishi wa shughuli Temeke, Mbagala, Buguruni na Magomeni, wanawake kwa wanaume, wanaopika kilo mia za mchele kwa kuni bila kukosea chumvi, na ambao wanajua kwa nini pilau ya hitma hupikwa tofauti na ya harusi. Wengi wao ni watu wazima. Vyuo vyetu vya hoteli hufundisha mchuzi wa Kifaransa kwa vipimo vya gramu; sioni kwa nini mwanafunzi asikae siku nzima kando ya sufuria ya mpishi kama huyo, akiwa na mizani na daftari, akipima kila gao la mkono kabla halijaingia motoni.